Jiwe Halijawahi Kudanganya Mtu

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, kwa hivyo kama uko kwenye matatu soma polepole, na kama uko kazini ngoja ufike nyumbani usije ukaniletea kesi na mdosi wako. Nimeuandika kwa sababu pete moja imeleta machozi katika kanisa letu, na kwa sababu mimi mwenyewe si mgeni katika mambo ya vito. Wengi wenu hamjui sehemu hiyo ya maisha yangu. Leo mtaijua.

Kijana mmoja wetu alimvisha mchumba wake pete mwezi wa Agosti. Pete nzuri, dhahabu nyeupe, na katikati jiwe la bluu: yakuti samawi, lile ambalo watu wa biashara wanaliita safaya. Hakuinunua ikiwa tayari dukani, aliitengenezesha. Alienda kwa muuzaji na picha kwenye simu, wakachora, wakachagua jiwe, na kipimo cha kidole akakipata kwa siri kupitia rafiki ya dada huyo. Gharama ilikuwa shilingi 95,000. Kwa mshahara wake hiyo si pesa ya mchezo, na 60,000 kati ya hizo zilitoka Sacco. Muuzaji alimwambia jiwe ni halisi kabisa, limetoka Sri Lanka, halijaguswa na chochote. Na kila ujumbe aliomtumia ulimalizika kwa mstari wa Biblia.

Pete ilikuwa imelegea kidogo, kwa hivyo wakaipeleka kwa sonara mwingine aipunguze. Yule mzee akaiangalia kwa ile lenzi yao ndogo, akanyamaza, akaiangalia tena, kisha akawaambia kabla hajaiweka kwenye moto waipeleke kwanza kwa mtaalamu wa vito. Wakaenda. Mtaalamu akaiweka chini ya hadubini, akawaita waone wenyewe. Ndani ya ile bluu kulikuwa na mistari iliyopinda, kama mifereji ya sahani ya santuri, na vipovu vidogo vya hewa. Yakuti iliyokomaa ardhini hukua kwa tabaka zilizonyooka, zinazokutana kwa pembe. Mistari ikipinda namna ile, jiwe limetengenezwa na tanuri.

Dada yule alikuja ofisini na mchumba wake. Sikuona akilia kwa sababu ya jiwe. Aliniambia, "Pasta, mimi sitaki pete nyingine. Nataka kujua tu kama yeye alijua." Kijana ameketi pale kando yake, ameinamisha kichwa. Na nyumbani kwa kina dada mjomba ameshauliza kwa sauti: kama pete ilikuwa ya uongo, hayo mengine aliyotuambia je?

Wamenipa ruhusa niandike. Wamesoma haya kabla yenu.

Sasa niondoe jambo moja njiani. Katika kundi letu la WhatsApp kuna wapendwa waliosema haya ndiyo matunda ya mapambo, na kwamba kanisa la zamani halikuwa na shida hizi kwa sababu hakuna aliyevaa kitu. Nawaelewa. Mama yangu alipookoka alitoa herini masikioni siku hiyohiyo na hakuzirudisha mpaka leo, na mimi namheshimu kwa hilo. Petro na Paulo wote wawili wamewaonya wanawake wasiuweke uzuri wao kwenye dhahabu na lulu, na onyo hilo halijafutwa. Lakini soma pia Kutoka 28. Kifuani kwa Haruni kulikuwa na mawe 12, safu nne za mawe matatu matatu, kila moja limeshikwa kwenye kijalizo chake cha dhahabu na limechongwa jina la kabila. Soma Kutoka 31. Bezaleli, ambaye maandiko yanasema wazi kwamba Mungu alimjaza Roho, hakuwa mhubiri. Alikuwa fundi, na kati ya kazi anazotajiwa ni kukata mawe ya kutiwa kwenye vijalizo. Sisi Wapentekoste tunaopenda kusema habari za kujazwa Roho, tumewahi kumfikiria mtu wa kwanza kusemwa hivyo akiwa na vumbi la jiwe kwenye vidole?

Upande wa pili, Ezekieli 28 anamvika mfalme wa Tiro vito hivyohivyo, na tunajua aliishia wapi. Kwa hivyo vito vyenyewe havikuhukumu na havikuokoi. Na wewe uliyeniuliza kama yakuti samawi ina bahati kwa sababu umezaliwa Septemba: ile orodha ya jiwe la kila mwezi inayosambazwa leo ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912. Ni orodha ya biashara. Vaa ukipenda rangi.

Nina la kuongeza kuhusu neno lenyewe, maana mtu ataniuliza. Walimu wangu wa chuo cha Biblia walitufundisha kwamba lile jiwe la bluu linalotajwa katika Agano la Kale pengine si hili la kwenye pete za leo. Wasomi wengi wanaona ni lapis lazuli, jiwe la bluu lisilopitisha mwanga, lenye chembe kama za dhahabu, lililochimbwa tangu zamani sana katika nchi ambayo sasa ni Afghanistan. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mtu akiuza pete kwa kusema ni jiwe lilelile la kiti cha enzi. Ndugu, hapana.

Mimi nilizaliwa Taita. Kama hujafika, hebu fikiria barabara ya Mombasa, ukishapita Mtito Andei unaanza kuona vilima vyekundu na vichaka vikavu, na mbele kule Voi. Chini ya udongo ule kuna mambo. Kuna rubi ya upande wa Mangare iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1970. Kuna ganeti ya kijani ambayo ulimwengu unaiita tsavoraiti, jina lililotokana na mbuga yetu ya Tsavo. Aliyeitambua ni mwanajiolojia Campbell Bridges, kwanza upande wa Tanzania mwaka 1967, halafu upande wetu miaka michache baadaye, na jina hilo lilitangazwa mwaka 1974 pamoja na kampuni ya Tiffany ya New York. Bridges aliuawa hukohuko Taita mwaka 2009, katika ugomvi wa machimbo. Nilikuwa tayari nimeondoka. Niliposikia habari kwenye redio sikushangaa kwamba damu ilimwagika kwa ajili ya mawe, na kutoshangaa kwangu kulinitisha.

Mwaka 2001 nilikuwa na miaka 21, sina kazi, na broka mmoja pale Voi akanichukua niwe kijana wake. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na tochi na lenzi, niwaone wachimbaji wadogo wadogo na akina mama wanaochekecha mchanga, ninunue mawe kwa bei ya chini, nimletee. Alinifundisha vizuri. Alinifundisha kuliweka jiwe mbele ya tochi nione kama ni safi, kulizungusha nione rangi, kutafuta ufa. Na alinifundisha jambo moja zaidi: kabla hujataja bei, kunja uso. Sema hili ni bovu. Sema lina nyufa. Lirudishe mkononi mwake kama hulitaki, fanya kama unaenda, halafu rudi.

Siku moja mama mmoja mjane alinitolea kitu kutoka kwenye fundo la leso yake. Kilikuwa kijiwe cha kijani, kidogo kuliko punje ya harage. Nilikiweka kwenye tochi. Wapendwa, mpaka leo nikifumba macho nakiona. Kijani kama jani la mgomba linapopigwa na jua kwa nyuma, na ndani safi kabisa. Moyo wangu uliruka. Uso wangu ukakunjamana. Nikamwambia, "Mama, hili ni kama chupa tu, lakini kwa sababu umetembea mbali nitakusaidia." Nilimpa shilingi 800. Akanishukuru. Alinishukuru, na akaniombea baraka.

Broka wangu alipoliona alicheka kwa furaha, na mimi akanipa 3,000 za zawadi. Yeye aliliuza Nairobi kwa bei ambayo hakunitajia, ila mwezi huo alinunua pikipiki.

Nilipofika chuo cha Biblia miaka michache baadaye tukapewa Mithali tuisome sura kwa sura. Sura ya 20 ilinikamata shingoni. Mstari wa 10 unasema habari ya mizani mbili tofauti na jinsi Mungu anavyozichukia. Mstari wa 14 unamwonyesha mnunuzi anayeponda bidhaa mpaka aipate, halafu akienda zake anajisifu. Na mstari wa 15, unaofuata hapohapo, unataja dhahabu na vito tele, kisha unasema midomo yenye maarifa ndiyo pambo la thamani. Nilikuwa nimehubiriwa juu ya muuzaji mdanganyifu tangu Sunday school. Hakuna aliyewahi kunihubiria juu ya mnunuzi mdanganyifu.

Ndiyo maana leo sitaki tumrukie yule muuzaji wa pete peke yake. Tutafika kwake. Lakini kwanza mjue jinsi mawe haya yalivyo, maana kutojua ndiko kunakowalisha waongo.

Rubi na yakuti samawi ni ndugu wa baba mmoja. Madini ni yaleyale, korundamu. Likiingiwa na kromiamu kidogo linakuwa jekundu, tunaliita rubi. Likiingiwa na chuma na titani linakuwa la bluu. Yapo pia ya manjano, ya waridi, ya kijani, ya zambarau. Hapa Kenya yakuti za bluu zimetoka upande wa Garba Tula kule Isiolo, nyingi nzito rangi yake, karibu na wino, na nyingine za dhahabu. Ng'ambo ya mpaka, bonde la Umba huko Tanzania linajulikana kwa rangi za kila namna. Ugumu wa korundamu ni 9 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Mnaofua kwa mikono, mnaolima, mnaosugua sufuria, huo ndio ugumu wenu. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, na chembe hizo zinakwaruza polepole kila kilicho laini kuliko hizo. Tanzanaiti ni nzuri kupita maelezo lakini iko kati ya 6 na 7, na ikigongwa inaweza kupasuka. Hiyo ni ya herini, au ya pete ya Jumapili. Tsavoraiti inafika 7 na zaidi kidogo, yahitaji adabu. Nawaambia hivi kwa sababu dada mmoja alivaa tanzanaiti kwenye kidole miaka miwili akiuza samaki, kisha akaniletea niiombee.

Sasa moto. Yakuti nyingi sana zinazouzwa duniani zimepikwa. Zinatiwa kwenye tanuri la joto la juu mno, hata zaidi ya nyuzi 1,600, ili ukungu wa ndani uyeyuke na bluu itoke vizuri. Tangu miaka ya 1970 watu wa Thailand walikuwa wakinunua Sri Lanka mawe meupe kama maziwa ambayo hapo awali hayakuwa na soko, wakayapika, yakatoka bluu. Hilo si wizi. Jiwe lililopikwa hivyo ni jiwe la ardhini, na rangi yake haiondoki. Lakini lisilopikwa, likiwa na uzuri uleule, ni adimu na bei yake iko juu zaidi kwa mbali. Kwa hivyo anayesema halijaguswa ametaja bei tayari, hata kama hajasema shilingi ngapi.

Kuna kupika kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mawe ya rangi ya chungwa yalijaa sokoni kutoka Thailand, mengine asili yake ni Madagaska na Songea, Tanzania. Baadaye wataalamu wakagundua yalikuwa yamepikwa pamoja na berili, ikaingia ndani ya jiwe na kubadilisha rangi. Wauzaji hawakuwa wamesema. Na kuna rubi zilizojaa nyufa zikajazwa kioo chenye risasi mpaka nyufa zisionekane. Hizo niwaonye kwa nguvu. Ndimu ya kachumbari inaweza kukila kioo kile. Sonara akiipasha moto pete ili aipunguze, jiwe linaharibika mbele ya macho yake, na wewe utamlaumu sonara asiye na kosa. Ndiyo sababu yule mzee alikataa kuiweka pete ya kijana wetu kwenye moto kabla haijapimwa. Mungu ambariki.

Halafu kuna yanayotengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga wa madini kwenye mwali wa moto na kuotesha rubi tone kwa tone, na yakuti ya bluu ikafuata baada ya miaka michache. Kemia yake ni ileile, na ugumu ni uleule. Kwa macho matupu hata mimi niliyefundishwa na broka siwezi kutofautisha. Ni jiwe zuri na ni la bei nafuu, na mtu akikuuzia kwa jina lake hajakukosea chochote. Jiwe halijawahi kumdanganya mtu. Liko vile lilivyo, na ukiliweka chini ya hadubini linakuambia lilikozaliwa. Anayedanganya ni sisi.

Na hapa ndipo msimamo wangu, mkubali msikubali. Mkristo anayeuza pete bila kusema kama jiwe limepikwa, limejazwa au limetengenezwa, ameiba, hata kama neno lolote la uongo halikutoka kinywani mwake. Kusema "sikuulizwa" hakutoshi. Mteja hawezi kuuliza jambo asilojua kwamba lipo. Wewe unajua. Kama hujui, sema hujui, na uuze kwa bei ya mtu asiyejua. Na mistari ya Biblia mwishoni mwa ujumbe wa biashara, jamani, tuiache kidogo. Mteja anahitaji risiti iliyoandikwa: aina ya jiwe, uzito kwa karati, limefanyiwa nini, na kwamba likipatikana tofauti pesa zitarudishwa. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kubebwa na "niamini ndugu yangu".

Mnunuzi naye asijifanye kondoo. Nilimuuliza kijana wetu hapo ofisini, taratibu, mbele ya mchumba wake: bei ile ilipotajwa kwa yakuti kubwa hivyo, safi hivyo, isiyopikwa, moyo wako ulisema nini? Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, nilishuku. Lakini nilitaka iwe kweli." Dada akamwangalia. Nadhani hilo ndilo jibu alilokuwa amekuja kulitafuta, na lilikuwa chungu, lakini alilipokea kuliko angepokea kiapo cha kwamba hakujua lolote. Wengi wetu tunanunua hivyo. Tunashuku na tunanyamaza kwa sababu bei imetufaa.

Na tunanyamaza zaidi tunapomnunulia aliye chini yetu. Hapa narudi Taita. Ayubu 28 inamweleza mchimbaji aliyening'inia shimoni mbali na watu, akitafuta vito gizani, na mimi nimewaona watu hao. Kamba, ndoo, tochi kichwani, na juu ya shimo mtoto anayesikiliza kama baba bado anajibu. Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, na ikasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Na pale Voi serikali imejenga kituo cha vito. Yote mazuri kwenye karatasi. Lakini bei ya kwanza, ile ya shimoni, bado inapangwa na anayejua dhidi ya asiyejua. Wenzetu wa Tanzania walizungushia machimbo ya Mirerani ukuta mwaka 2018, na Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer akauza serikalini mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za huko. Sisemi ukuta ndio dawa, wapo wachimbaji wanaoulalamikia. Nasema yalipimwa hadharani, bei ikatajwa hadharani, na hakuna kijana wa miaka 21 aliyemkunjia uso.

Kuna wanaonunua jiwe dogo moja kwa moja kutoka kwa mchimbaji wakaenda kulikatisha. Ni jambo jema, lakini fanya kwa akili. Jiwe likikatwa mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake hupotea, kwa hivyo usimwambie mchimbaji bei ya jiwe lililokatwa wala usishangae kwa nini lako limerudi dogo. Nunua kwa mwenye kibali. Na ukijua kwamba alichokishika ni kizuri, mwambie ni kizuri. Bado unaweza kupatana bei. Mimi nimejaribu, inawezekana.

Wale wanaosema bila pete kubwa uchumba hauna heshima, nitawaambia habari ya pete maarufu kuliko zote za yakuti. Diana aliichagua mwaka 1981: jiwe la karati 12 likizungukwa na almasi 14. Haikutengenezwa maalum kwa ajili yake, ilikuwa kwenye orodha ya sonara, na wapo walionung'unika kwamba yeyote mwenye pesa angeweza kuinunua. Mwanawe William alipoleta pete hiyohiyo kumposa Catherine, Oktoba 2010, alikuja nayo hapahapa Kenya, ndani ya mkoba wa mgongoni. Mwana wa mfalme ametumia pete ya mama yake. Wewe unachukua mkopo wa simu wa kulipa kwa siku 30.

Mniulize sasa, yule mjane je?

Nilikaa na zile shilingi 800 zaidi ya miaka ishirini. Nimewahubiria toba nyingi, na hiyo yangu ilikuwa imekaa ndani ya droo. Baada ya kukaa na wale wachumba wawili nilimwambia mke wangu, nikachukua basi la usiku mpaka Voi, kisha bodaboda. Nilimkuta. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, anaishi na mjukuu. Hakunikumbuka mimi kabisa, lakini jiwe alilikumbuka, na mahali alipoliokota, na kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku ule. Nikamwambia ukweli wote. Nilikuwa nimebeba pesa kwenye bahasha, kiasi ambacho mimi na mke wangu tulikiona ni cha haki kadiri tulivyoweza kukisia, nikampa kwa mikono miwili. Aliishika bila kuifungua. Akaniuliza, "Na lile jiwe, mwanangu, lilipokatwa lilikuwaje?" Nikamwambia, mama, sikuliona tena. Akatikisa kichwa, akamwambia mjukuu aniwekee chai.

Muuzaji wa pete ya kijana wetu amerudisha 50,000 mpaka sasa, baada ya mimi na mzee mmoja wa kanisa lake kumtembelea. Zilienda moja kwa moja Sacco. Zilizobaki ameahidi kabla ya mwisho wa Novemba na ameandika kwa mkono wake. Simtaji, na nawaomba msimtafute.

Na pete? Dada yule ameamua kuivaa ileile. Sonara ameipunguza, na jiwe halikupata shida kwenye moto. Kazini kwake wauguzi wenzake wakimuuliza kama ni safaya ya kweli, anawaambia imetengenezwa kiwandani na ni ya bluu kweli. Nilimuona Jumapili iliyopita akimsimulia mjomba wake hivyohivyo nje ya kanisa, mjomba ameshika kile kidole anakigeuza kwenye jua.

Wachumba wote mnaofunga ndoa Desemba, darasa ni Alhamisi saa kumi na moja jioni ofisini kwangu. Njooni na pete zenu kama mmeshanunua. Na risiti.